Ubao wa tanga kwa mtoto: Bei inapunguzika, usalama haupunguzwi

Mzazi wa Songwa, Mwadui au Kahama anayeulizia bei ya ubao wa tanga kwa ajili ya mtoto wake hukata tamaa mapema. Seti mpya ya anayeanza kujifunza, yaani ubao wenyewe, mlingoti, tanga na fito za kushikia, huuzwa Ulaya kwa kawaida kati ya dola 1,400 na 2,500 za Marekani. Kwa kadirio la shilingi 2,500 kwa dola moja, hizo ni shilingi milioni 3.5 hadi milioni 6.25, na hapo mzigo bado haujapanda meli.

Kwa familia ya wilayani Kishapu inayopima mali kwa mifugo, ukimweka ng'ombe mmoja shilingi 700,000, huo ni mchezo wa ng'ombe watano hadi tisa. Ni fedha inayoweza kumnunulia kijana pikipiki ya bodaboda akaanza maisha.

Hata hivyo hamu ipo. Watoto wameuona mchezo huu kwenye simu na kwenye Olimpiki, ambako umekuwamo tangu mwaka 1984. Mtu husimama juu ya ubao, hushika tanga kwa mikono miwili na upepo humsukuma juu ya maji bila injini wala kasia. Mtoto anayeishi karibu na bwawa, katika kanda ambayo kiangazi huja na upepo wake, haoni kwa nini asijaribu.

Habari njema kwa mzazi ni kwamba bei ya ubao ina njia nyingi za kushuka. Habari ya pili, ambayo wauzaji hawaisemi, ni kwamba ubao si gharama ya kwanza. Kuna vitu vitatu vya kulipia kabla yake, na hivyo ndivyo vinavyoamua kama mtoto atarudi nyumbani salama.

Kwa nini bei iko juu

Ubao wa kisasa hutengenezwa kwa povu jepesi lililofunikwa tabaka za faiba na gundi ya rezini. Unatakiwa uwe mwepesi, usipasuke na usinywe maji. Hakuna kiwanda cha bidhaa hiyo katika ukanda huu, hivyo kila kipande huagizwa kutoka nje.

Mzigo ukifika bandarini hutozwa ushuru wa forodha kulingana na kundi la bidhaa, kisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18. Kodi hiyo hukokotolewa juu ya bei ya bidhaa, usafiri, bima na ushuru wenyewe. Kwa kila shilingi milioni moja ya jumla hiyo, mzazi aongeze shilingi 180,000.

Halafu kuna umbo. Ubao wa kawaida una urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu. Hauingii kwenye buti la basi. Kuutoa Dar es Salaam hadi Shinyanga ni kutafuta lori lenye nafasi, na kuufunga vizuri usipasuke njiani.

Ulianza na mtoto na plaiwudi

Kabla ya kukata tamaa, mzazi akumbuke kwamba mchezo huu haukuanzia kiwandani. Mwaka 1958, katika kisiwa cha Hayling nchini Uingereza, mvulana wa miaka 12 aitwaye Peter Chilvers alijitengenezea ubao wa plaiwudi, akautia tanga la kitambaa cha hema. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 1965, Mmarekani Newman Darby alichapisha katika jarida la Popular Science maelezo ya jinsi ya kujitengenezea ubao kama huo nyumbani.

Wamarekani wengine wawili, Hoyle Schweitzer na Jim Drake, ndio waliouwekea hataza mwaka 1968, na biashara ikakua duniani. Kesi ya hataza hiyo ilipofika katika mahakama za Uingereza, ubao wa yule mvulana ulikuwa miongoni mwa ushahidi, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikakataa dai la kampuni ya Schweitzer.

Historia hiyo haimaanishi kila baba achukue msumeno leo jioni. Inaonyesha tu kwamba kinachomfundisha mtoto ni maji, upepo na kitu kinachoelea vizuri, wala si jina la kampuni lililoandikwa ubavuni.

Njia tano za kupunguza gharama

*Kwanza, anza bila tanga.* Sehemu kubwa ya masomo ya mwanzo ni kusimama juu ya ubao bila kuanguka, kupiga magoti, kugeuka na kupanda tena ukianguka. Hayo yote yanafanyika kwa ubao wa kupiga kasia ukiwa umesimama. Ipo aina yenye tundu la kuchomekea mlingoti. Familia inaweza kununua ubao mwaka huu na tanga mwaka ujao, mtoto akiwa tayari ana mizani.

*Pili, fikiria ubao wa kujaza upepo.* Hukunjwa, huingia kwenye begi la mgongoni pamoja na pampu yake, na hupanda basi kama mzigo mwingine wowote. Gharama ya lori inaondoka. Udhaifu wake ni miiba, vyuma na jua kali. Haufai kuachwa umejazwa juani mchana kutwa, kwa sababu hewa ya ndani hutanuka na kuachanisha maungio.

*Tatu, tafuta mtumba.* Ubao wa kujifunzia uliotumika, wa miaka ya karibuni, mara nyingi hupatikana kwa nusu ya bei ya mpya au chini ya hapo. Pwani ya kusini mashariki ya Unguja, hasa Paje na Jambiani, ina shule nyingi za michezo ya upepo zinazofanya kazi msimu wa kaskazi na wa kusi. Kwenye pwani ya Kenya ipo Diani. Shule za namna hiyo hubadilisha vifaa mara kwa mara, hivyo mwisho wa msimu ndio wakati mzuri wa kuuliza. Klabu za matanga nazo, kama ile ya Msasani jijini Dar es Salaam, zina wanachama ambao watoto wao wamekua na vifaa vimebaki stoo.

Hapa kuna mtego mmoja. Shule nyingi za Paje ni za mchezo wa kuteleza kwa kishada, ambao ubao wake ni mdogo na hauwezi kumwelesha mtu aliyesimama bila upepo. Anayeuziwa huo kama ubao wa tanga amepoteza fedha.

*Nne, nunueni pamoja.* Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, na watu wa Kanda ya Ziwa wanaijua kupitia vikoba. Mtoto anayejifunza huchoka baada ya dakika ishirini au thelathini, kisha ubao unalala. Ubao mmoja unaweza kutumiwa na watoto sita kwa asubuhi moja, kwa zamu. Seti ya mtumba ikifika Shinyanga kwa jumla ya shilingi milioni mbili, familia kumi zitachanga shilingi 200,000 kila moja. Zikiandikishwa kama klabu ya michezo kupitia ofisi ya michezo ya wilaya, zinakuwa na mahali pa kuombea msaada wa vifaa na mwalimu.

*Tano, tengenezeni, lakini kwa fundi.* Mwaka 1947, Mmarekani Clark Mills wa Clearwater, Florida, alichora mashua ndogo ya watoto iitwayo Optimist, kwa lengo kwamba familia iweze kuijenga kwa plaiwudi bila kuzidi dola 50. Leo ni moja ya mashua maarufu zaidi duniani za kufundishia watoto tanga. Karibu na nyumbani, mafundi wa majahazi wa Lamu walijenga Flipflopi, chombo cha urefu wa mita tisa kilichotengenezwa kwa plastiki chakavu na kufunikwa kwa kandambili zilizookotwa, kikazinduliwa mwaka 2018.

Kazi zote mbili zilisimamiwa na watu wanaojua vyombo vya majini. Ubao wa kuungaunga na misumari, wenye madumu yanayovuja chini yake, humwelesha mtoto karibu na ukingo na kumwangusha katikati ya bwawa. Fundi wa mitumbwi wa ukanda wa ziwa anaweza kuijua kazi hii kuliko seremala wa vitanda.

Kagua kabla ya kulipa

Ubao wa mtumba uinue kwanza. Ukiwa mzito kupita kiasi kwa ukubwa wake, umekunywa maji. Bonyeza kwa kidole gumba sehemu ya juu, hasa mahali pa kusimama na kuzunguka tundu la mlingoti. Panapobonyea, tabaka la juu limeachana na povu. Angalia pezi la chini na mahali linapofungwa kama hapajapasuka.

Tanga la plastiki angavu lililogeuka njano na kukakamaa litachanika upepo wa kwanza. Kiungo cha mpira kinachounganisha mlingoti na ubao kipinde kila upande. Kikionyesha nyufa, kibadilishwe kabla ya siku ya kwanza, kwa sababu kikikatika majini mtoto hana tena cha kumrudisha ufukweni.

Ukubwa nao una hesabu yake. Anayeanza anahitaji ubao wenye ujazo wa lita unaozidi uzito wake wa kilo kwa 80 hadi 100. Mtoto wa kilo 35 atulie kwenye ubao wa lita 120 au zaidi, wenye upana wa kuanzia sentimita 75. Mbao ndefu na nyembamba za miaka ya 1980 ni za bei ya kutupa, lakini zinayumba na humkatisha mtoto tamaa. Tanga lake liwe dogo, la mita za mraba moja na nusu hadi mbili na nusu. Tanga la mtu mzima, hata likiwa la bure, mtoto hawezi kulinyanyua kutoka majini.

Vitu vitatu visivyokatwa bei

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Watoto ni sehemu kubwa ya idadi hiyo. Katika ukanda wa Shinyanga na Geita, watoto wako majini tayari, ubao uwepo usiwepo: malamboni wakinywesha ng'ombe, visimani wakichota, na kwenye mashimo ya wachimbaji yanayojaa maji ya mvua. Ndiyo maana shilingi ya kwanza ya mzazi isiende kwenye ubao.

Cha kwanza ni kujua kuogelea. Msalaba Mwekundu wa Marekani unapendekeza kipimo rahisi: mtoto aweze kuingia kwenye maji yanayompita kichwa na kuibuka juu, aelee kwa dakika moja, ageuke, aogelee kama mita 23, kisha atoke mwenyewe. Asiyeweza hayo bado hajafikia ubao. Kujifunza si lazima pawe na bwawa la hoteli. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea baharini wakiwa wamevaa nguo zinazositiri mwili mzima. Kinachohitajika ni mwalimu anayejua kazi yake, maji safi ya kina kifupi na watoto wachache kwa mkupuo.

Cha pili ni jaketi okozi. La mtoto linalotengenezwa kwa viwango huuzwa nje kwa takribani dola 30 hadi 60, yaani shilingi 75,000 hadi 150,000. Soma lebo. Namba 50 yenye herufi N ni ya anayejua kuogelea, kwani humsaidia tu kuelea. Namba 100 imetengenezwa kumsaidia aliyechoka au asiyejua kuogelea akae uso juu. Linunuliwe kwa uzito wa mtoto wa leo, si kwa kusema atakua. Mvishe, funga mikanda yote, kisha mnyanyue kwa mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, si lake. Tyubu ya gari, dumu lililofungwa kifuani au maboya ya mikononi hayachukui nafasi ya jaketi.

Cha tatu ni kinga dhidi ya kichocho. Anayejifunza ubao wa tanga huanguka mara nyingi, na huanguka karibu na ukingo penye majani, ambapo konokono wanaobeba vimelea hupenda kukaa. Vimelea hupenya ngozi ndani ya dakika chache na mtoto hasikii chochote. Kichocho cha mkojo kipo katika maeneo ya Shinyanga, na dalili yake inayojulikana ni damu kwenye mkojo. Kikiachwa miaka mingi huharibu kibofu na figo, na kwa wasichana hujeruhi viungo vya uzazi.

Konokono hutoa vimelea zaidi jua linapokuwa kali, takribani saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Kuingia majini mapema asubuhi hupunguza hatari lakini hakuiondoi, na kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemea. Kinga ya kweli kwa anayetumia maji hayo ni kuchagua ufukwe usio na majani, kupima baada ya wiki sita hadi nane na kutumia dawa ya praziquantel kwa kipimo cha mtaalamu. Dawa hiyo hutolewa pia shuleni kupitia mpango wa Wizara ya Afya wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele. Mzazi asimfiche mtoto siku ya kumeza dawa.

Maji gani, kwa ruhusa ya nani

Maji ya bwawa la Songwa yanahudumia mgodi wa almasi wa Mwadui, ulioanzishwa na mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, mwaka 1940. Bwawa la namna hiyo si uwanja wa wazi. Familia au klabu inayotaka kulitumia ianze kwa uongozi wa kijiji na wanaosimamia bwawa, ipate ruhusa ya maandishi na ielezwe ni sehemu zipi ni marufuku.

Tofauti kati ya bwawa la maji na bwawa la tope la mgodi ni ya uhai na kifo. Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la Mwadui ulipasuka, tope likafunika nyumba na mashamba ya vijiji jirani. Mtoto asikanyage huko kwa mchezo wowote. Vivyo hivyo mashimo na madimbwi ya wachimbaji wadogo wa Geita, ambako dhahabu hukamatwa kwa zebaki: kingo zake humomonyoka, kina chake hakijulikani na maji yake si ya kuoga. Kwa wanaokwenda Ziwa Victoria, waulize wavuvi wa eneo husika kuhusu mamba na viboko kabla ya mtoto kulowesha mguu.

Upepo nao upimwe. Kwa anayeanza, upepo wa kilomita 10 hadi 20 kwa saa unatosha. Uwe unavuma kutoka majini kuelekea nchi kavu, au sambamba na ukingo. Unaovuma kutoka ukingoni kuelekea katikati humpeleka mtoto mbali kwa dakika chache, na mwanzoni maji huonekana yametulia kiasi cha kumdanganya mzazi.

Mtoto afundishwe kanuni moja kabla ya nyingine zote: ukianguka, shika ubao, usiuache. Ubao ndio boya lake kubwa. Watoto wengi wanaojua kuogelea huzidiwa kwa kuuacha ubao na kujaribu kuufikia ukingo.

Ukingoni awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kutazama tu, bila simu mkononi, akiwa na kamba ndefu na dumu tupu lililofungwa kifuniko. Mtoto akizidiwa, arushiwe dumu. Asiyejua kuogelea asimfuate. Aliyetolewa majini hapumui asining'inizwe kichwa chini wala kukandwa tumbo. Apewe pumzi ya mdomo kwa mdomo na kukandamizwa kifua mara moja, huku msaada ukitafutwa na safari ya hospitali ikiandaliwa.

Mpangilio wa matumizi

Kwa familia yenye shilingi 500,000 za kuanzia, mpangilio unaofaa ni huu. Mwaka wa kwanza ulipie mafunzo ya kuogelea na jaketi okozi. Kinachobaki kiingie kwenye mchango wa kikundi cha kununua ubao mmoja wa kujifunzia, bila tanga. Mwaka wa pili, waliofaulu kuogelea waongezewe tanga dogo la mtumba. Vipimo vya kichocho viandikwe kwenye kalenda ya kikundi kama yalivyoandikwa marejesho ya kikoba.

Ikitokea fedha ya ubao haikupatikana kabisa, mtoto atakuwa amebaki na uwezo wa kuogelea na jaketi linalomtosha. Hivyo viwili atavihitaji lamboni, kwenye kivuko na kwenye mtumbwi, hata kama maishani mwake hatashika tanga.